Sufuria Moja, Hamira Nne: Tathmini ya Hamira Kavu kwa Mpika Bia wa Uganda Anayetaka Kushindana

Hamira kavu za kupikia bia, zile zinazouzwa katika pakiti za gramu 11 au 11.5, ndizo tegemeo la wapika bia wa nyumbani hapa Uganda kwa sababu moja kubwa: hamira ya majimaji, ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani huinunua dukani ikiwa hai na baridi, haivumilii safari ya kuja kwetu, ilhali hamira kavu huvumilia. Swali ambalo maandishi ya kwenye pakiti hayalijibu ni ipi kati ya hizo inayoweza kutoa bia ya kupelekwa mbele ya waamuzi, ikiwa imechachuliwa katika nyumba ya Kampala isiyo na friji maalumu ya kupoza ndoo. Tathmini hii inahusu pakiti nne: SafAle US-05 na SafAle S-04 za kampuni ya Fermentis ya Ufaransa, pamoja na LalBrew Nottingham na LalBrew Voss za kampuni ya Lallemand ya Kanada. Zote nimezijaribu kwa njia ninayoiona kuwa ya haki kuliko nyingine, yaani kupika sufuria moja ya maji ya kimea, kuyagawa katika vyombo vinne, na kukipa kila chombo hamira yake.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kwa hoja zitakazofuata. Kwa nyumba yenye joto la kawaida la Kampala, Jinja, Gulu au Arua, Voss ndiyo hamira inayostahili kununuliwa kwanza. Kwa mwenye uwezo wa kupoza chombo chake, hata kama ni kwa beseni la maji tu, Nottingham inazipita nyingine tatu. US-05 ni nzuri lakini inadai subira, na S-04 inafaa kwa bia za Kiingereza, tena mikononi mwa mtu anayeweza kulidhibiti joto. Hukumu hiyo, hata hivyo, ni ya kupika. Kushindana kuna hesabu nyingine, na nitaifikia.

Kugawa sufuria moja ndiko kunakoondoa visingizio. Ukipika leo kwa hamira hii na mwezi ujao kwa hamira ile, tofauti utakayoionja inaweza kuwa imetoka kwenye maji, kwenye kimea kilichozeeka, kwenye uchemshaji au kwenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), nawe ukaisifu au kuilaumu hamira isiyohusika. Tangu Emil Christian Hansen alipofanikiwa kukuza hamira safi kutoka chembe moja katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1883, mpika bia ameweza kujua ni hamira gani hasa aliyoitia, na pakiti hizi za leo ni matunda ya kazi hiyo. Vinywaji vyetu vya asili, kama malwa ya ulezi ya Teso na tonto ya ndizi ya Buganda, huchachuliwa na jamii nzima ya hamira na bakteria wanaoishi pamoja, na ladha yake inatokana na mchanganyiko huo. Jaribio la aina hii halisemi lolote kuvihusu, na sipendi kusikia likitumiwa kuvidharau.

Kwa jaribio lenyewe nilichagua bia isiyo na pa kujificha: kimea cha shayiri cha rangi hafifu, hopsi za uchungu tu zilizotiwa mwanzoni mwa kuchemsha, na kipimo cha 1.046 kabla ya kutia hamira kwenye haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji ya kimea kutokana na sukari yaliyo nayo. Maji ya bomba ya Kampala, yanayotoka Ziwa Victoria kupitia Ggaba, ni laini na yana madini machache, jambo ambalo ni zuri kwa bia ya rangi hafifu. Yana klorini, hata hivyo, na klorini ikikutana na fenoli za kimea au za hamira huleta harufu ya dawa ya hospitali ambayo mwamuzi haisamehe. Kuyaacha maji wazi usiku kucha, au kuyachemsha kabla ya kuyatumia, kunaiondoa klorini hiyo.

Namna ya kugawa inahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya kupozwa, maji yote ya kimea yahamishiwe kwanza katika chombo kimoja kikubwa na kukorogwa, ndipo yagawanywe, kwa kuwa yale ya chini ya sufuria hubeba mashapo mengi ya hopsi na protini kuliko ya juu, na chombo kitakachopata ya mwisho kitakuwa na bia tofauti hata kabla hamira haijaingia. Lita 20 hutoa lita 5 kwa kila hamira, na kila chombo kiwe kikubwa kuliko hizo lita 5 ili povu lipate nafasi. Hamira ipimwe kwa mizani ndogo kama ile ya sonara: Fermentis inashauri gramu 50 hadi 80 kwa hektolita (lita 100) kwa hamira zake za eli, aina ya bia inayochachuliwa bila ubaridi mkali, yaani gramu 2.5 hadi 4 kwa lita 5, na kukisia kwa kijiko kunaharibu ulinganisho wote. Hakuna haja ya kutikisa chombo ili kuingiza hewa, kwa sababu hamira kavu hutoka kiwandani ikiwa na akiba ya kutosha ya kuzaliana. Inatosha kuinyunyiza juu ya maji ya kimea na kufunga.

Jambo gumu kuliko yote ni joto, na hapa ndipo jaribio la kugawa linapomlazimisha mtu aamue anatafuta nini. Voss hupenda nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, ingawa hufanya kazi kuanzia 25. Nottingham imeandikiwa nyuzi 10 hadi 25. Nazo hizi mbili za Fermentis zimeandikiwa 18 hadi 26. Ukiziweka zote nne katika chumba kimoja chenye nyuzi 25, umetimiza sharti la kubadilisha kitu kimoja tu, lakini Voss umeiweka kwenye ukingo wake wa baridi, Nottingham kwenye ukingo wake wa joto, na S-04 mahali inapoanza kutoa matunda makali. Ukiipa kila moja joto inalolipenda, unakuwa umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, na mtu mwenye msimamo mkali wa kisayansi atakukosoa. Mimi nashikilia kwamba anayepika kwa ajili ya mashindano aipe kila hamira joto linaloifaa, kwa sababu mwamuzi hapelekewi hamira, anapelekewa bia. Anayetaka kujua atumie ipi nyumbani kwake bila kifaa chochote cha kupoza, aziweke zote chumbani pamoja. Nimefanya yote mawili, na mpangilio wa ubora ulibadilika: katika chumba cha kawaida Voss iliongoza kwa mbali, na katika joto la kuchaguliwa Nottingham na US-05 ziliikaribia, kisha zikaipita kwa usafi wa ladha.

Voss inastahili maneno mengi zaidi kwa kuwa ndiyo inayobadilisha hali ya mpika bia wa nchi ya joto. Ni hamira ya jamii ya kveik, iliyotunzwa kwa vizazi na familia za wakulima wa eneo la Voss, magharibi mwa Norwe, ambao walizoea kuitia katika maji ya kimea yakiwa bado na joto ambalo lingeharibu ladha ya bia iliyotiwa hamira nyingine nyingi. Faida yake ya kwanza hapa kwetu inaonekana hata kabla ya kuchachua: maji ya bomba ya Kampala yenyewe yana vuguvugu, hivyo koili ya kupozea haiwezi kuyashusha maji ya kimea chini ya joto la bomba, na mwenye US-05 hulazimika kutafuta barafu au kusubiri hadi asubuhi huku vijidudu vikipata mwanya. Mwenye Voss hutia hamira yake maji yakiwa na nyuzi 35, hufunika chombo kwa blanketi, na katika siku mbili au tatu kazi kubwa imekwisha. Ikishuka hadi joto la chumba haifi wala haitoi ladha mbaya. Hupunguza mwendo tu. Harufu yake ni ya chungwa, na kadiri joto linavyopanda ndivyo chungwa hilo linavyosikika zaidi, bila ule ukali wa pombe ambao hamira nyingine huutoa zikipata joto kupita kiasi.

Voss ina madai yake pia. Inahitaji chakula cha kutosha, na katika maji ya kimea mepesi, kama haya ya 1.046, huweza kudorora. Chakula maalumu cha hamira ni vigumu kukipata madukani hapa, lakini kijiko kidogo cha hamira ya mkate kikichemshwa pamoja na maji ya kimea kwa dakika kumi za mwisho hufa na kuwa chakula cha ile iliyo hai, na gharama yake ni ndogo sana. Hutuama chini haraka na kushikamana, kiasi kwamba bia huwa angavu bila kuwekwa kwenye friji. Tena, wakulima wa Norwe waliikausha hamira ya jamii hii na kuihifadhi hadi upishi uliofuata, desturi ambayo mpika bia wa Arua au Bombo, aliye mbali na muuzaji, anaweza kuifuata kwa kuyatandaza mashapo safi juu ya karatasi ya kuokea mahali pakavu penye kivuli. Kwa thamani ya fedha, hakuna pakiti nyingine kati ya hizi nne inayoikaribia.

Nottingham ni hamira ya adabu. Haina harufu kubwa ya kujitangaza, inamaliza sukari vizuri, inatuama chini kwa haraka, na inauacha ule utamu wa kimea na uchungu wa hopsi uzungumze. Sharti lake ni ubaridi. Beseni pana lenye maji, taulo lililolowa lililozungushiwa chombo na ncha zake zikiwa majini, na chupa za barafu zinazobadilishwa asubuhi na jioni hutosha kuishikilia karibu na nyuzi 18 hadi 20 katika zile siku za mwanzo ambazo hamira yenyewe huzalisha joto. Baada ya hapo unaweza kuiacha ipande bila madhara, kwa kuwa harufu nyingi huumbwa mwanzoni. Wapika bia wa Kabale, ambako usiku una baridi ya kweli, hawahitaji hata beseni, na kama ningeishi huko ningenunua Nottingham peke yake.

US-05 hutoa bia safi ya mtindo wa Kimarekani, na ikipozwa vyema ladha yake haina dosari ninayoweza kuinyooshea kidole. Tatizo ni kwamba hutuama polepole, nayo chupa ikitikisika kidogo tu mashapo hupanda. Kwa mtu asiye na friji ya kuiweka bia kwa siku kadhaa, hilo ni usumbufu wa kweli. S-04 ni kinyume chake katika hilo, kwani mashapo yake hushikamana chini ya chupa kana kwamba yamegandishwa, lakini katika nyuzi 25 ilitoa harufu ya pera bivu na uchachu wa unga wa mkate uliofunika kila kitu. Ilipowekwa chini ya nyuzi 20 matunda hayo yalipungua na kuwa ya kupendeza.

Haidromita haikuonyesha tofauti kubwa kati ya hizo nne. Zote zilishuka hadi karibu na 1.010, kwa hiyo nguvu ya pombe ilikuwa karibu sawa. Tofauti yote ilikuwa puani na ulimini, na hapo ndipo karatasi ya waamuzi inapokuwa na manufaa. Mfumo wa BJCP (Beer Judge Certification Program, mpango wa kuwathibitisha waamuzi wa bia), ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na ambao mashindano mengi ya bia za nyumbani duniani huufuata, hutoa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na picha ya jumla 10. Hizo alama 3 za mwonekano zinapaswa kumfungua macho kila mpika bia anayekosa usingizi kwa sababu bia yake ina ukungu. Bia ya US-05 isiyo angavu hupoteza alama moja, pengine mbili. Bia ya S-04 iliyo angavu kama kioo lakini yenye pera mahali pasipotakiwa pera hupoteza kwenye harufu, kwenye ladha na kwenye picha ya jumla, na hapo hasara inafika mahali pa kuitoa bia katika daraja la alama 38 hadi 44 na kuitupa chini ya 30.

Nilipowaita wapika bia wenzangu waonje bila kujua kipi ni kipi, glasi iliyomalizwa kwanza ilikuwa ya Voss, na kila aliyeulizwa angependa kupewa chupa ya kwenda nayo nyumbani aliitaja hiyo. Tulipochukua karatasi na kuandika alama kwa kufuata mtindo wa eli nyepesi ya Kimarekani, ambao katika mwongozo wa mitindo wa BJCP wa mwaka 2021 una namba 18A, Nottingham iliongoza na Voss ikateremka. Hakuna aliyebadilisha mapenzi yake. Kilichobadilika ni swali. Mwamuzi haulizwi kama anaipenda bia, anaulizwa kama bia hiyo ni mfano mzuri wa mtindo ulioandikwa kwenye fomu. Mtindo wa 18A unaruhusu matunda kidogo hadi ya wastani, kwa hiyo chungwa la Voss halikufukuzwa, lakini lilisikika kuliko kimea, na hapo ndipo alama zilipopungua.

Hili ndilo jambo ambalo kugawa sufuria kumenifundisha kuliko maelezo yoyote ya viwandani: hamira huchaguliwa pamoja na kundi la mashindano. Chungwa lile lile lililoiangusha Voss katika 18A linakuwa msaada katika 18B, ambalo ni kundi la eli hafifu ya Kimarekani yenye hopsi nyingi, kwa sababu huko hopsi za aina ya Cascade huleta harufu ya machungwa na balungi, na mwamuzi asiyejua umetumia hamira gani atalisoma chungwa la hamira kama sehemu ya hopsi. Kanuni za uamuzi zinaliruhusu hilo waziwazi, kwa kuwa bia huingizwa katika mtindo inaofanana nao kwa ladha, hata kama imepikwa kwa njia nyingine. S-04, kwa upande wake, ingekaa vizuri katika kundi la 11, lile la eli chungu za Kiingereza, mradi kimea kiongezewe karameli kidogo. Kabla ya kujaza fomu, basi, mimi huionja kila bia huku mwongozo ukiwa wazi mbele yangu na kuuliza ni maelezo ya mtindo gani yanayoieleza, badala ya kuuliza nilikusudia kupika nini.

Kuhusu ununuzi, tarehe ya mwisho ya matumizi peke yake haitoshi kuaminiwa katika hali ya hewa yetu. Fermentis inaagiza pakiti zitakazokaa zaidi ya miezi sita zihifadhiwe chini ya nyuzi 15, na Lallemand inataka chini ya 4. Pakiti iliyokaa ghalani wiki kadhaa ikisubiri ushuru, kisha ikapangwa kwenye rafu linalopigwa na jua, inaweza kuwa na tarehe nzuri na chembe dhaifu. Niliuziwa pakiti za namna hiyo na muuzaji mmoja wa mjini, nazo zilichelewa kuanza kiasi cha kuharibu ulinganisho wa sufuria nzima. Tangu hapo humuuliza muuzaji anazihifadhi wapi, na asiyeniruhusu kuona friji yake simnunulii. Pakiti ikishafunguliwa ifungwe vizuri, ikae kwenye friji, na ile ya Fermentis itumike ndani ya siku 7; kwa maana hiyo anayegawa sufuria apange upishi wa pili mapema, la sivyo zaidi ya nusu ya kila pakiti itapotea.

Mashindano mengi yanayofuata BJCP hufanyika nje ya Uganda, kwa hiyo chupa itasafiri, itapata joto na itatikiswa, na hilo lenyewe ni sababu ya kupendelea hamira inayotuama kwa nguvu kama Voss au Nottingham kuliko US-05. Sukari ya kuleta gesi, gramu 6 kwa lita, inatosha kwa eli za aina hii, na sukari ya kawaida ya Kakira haina kasoro yoyote kwa kazi hiyo. Waliovutiwa na Belle Saison ya Lallemand au WB-06 ya Fermentis wajue kwamba hizo ni hamira za kundi la diastaticus, zinazoweza kuvunja hata sukari ndefu ambazo nyingine huziacha. Bia yake ifungwe tu baada ya kipimo cha haidromita kukaa palepale kwa siku kadhaa, kwa kuwa chupa iliyofungwa mapema inaweza kupasuka ndani ya mzigo. Vyombo na mipira iliyozigusa iuliwe vijidudu kwa makini zaidi kabla ya sufuria nyingine kugawanywa humo. Na kwa anayekusudia kupeleka bia mbili za sufuria moja, asome kwanza kanuni za mashindano husika kuhusu idadi ya maingizo, kwani kila mwandaaji huamua mwenyewe kama tofauti ya hamira inatosha kuzihesabu kuwa bia mbili.